Mpeni Nikolaus Likizo

Isevya, Tabora
12 Juni 2024

Kwa Meneja,
Redio Wapagazi FM.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu kutoka Isevya, kwenye nyumba ambayo redio yako inaitaja mchana kutwa bila wewe kujua. Mimi ni Levina, mjane wa Nikolaus aliyekuwa akilima tumbaku Goweko. Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hiyo nikikosea utanisahihisha, ingawa kwa niliyoyaona sidhani kama kwenu yupo mtu wa kusahihisha.

Redio yangu ni ile ndogo yenye kioo. Nikolaus aliinunua Gongoni, dukani kwa Murtadha, kwa sababu kioo chake huandika jina la kituo na ujumbe wowote ambao kituo kinautuma. Siku alipoileta aliiweka juu ya kabati, akakipangusa kioo kwa mkono wa shati, akasema, "Levina, sasa redio utaisikia na utaisoma." Nimeisoma. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jina lenu. Kioo kina nafasi ya herufi nane. Mwenye akili angeandika WAPAGAZI, herufi nane kamili, akaenda kunywa chai. Ninyi mmeandika REDIO WA, halafu PAGAZI F, halafu M peke yake kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa. Jirani yangu Bi Saleha kila akija huuliza, "Redio wa nani, mwanangu?"

2. Saa. Kioo huchukua saa kutoka kwenu, nanyi mko nyuma ya Tabora nzima kwa saa tatu. Nikolaus alianguka kwenye bani akikausha tumbaku, Jumamosi moja ya Aprili mwaka jana, saa nne asubuhi. Simu ilipoingia kutoka Goweko nilikuwa nimekikodolea macho kioo chenu. Kwenu ilikuwa bado saa moja. Kwa hesabu yenu mume wangu alikuwa amebakiza saa tatu. Naomba kujua mlizipeleka wapi.

3. Aina ya kipindi. Pembeni ya kioo pana neno la Kizungu ambalo Murtadha alinitafsiria kuwa ni "michezo". Neno hilo halibanduki. Lipo wakati wa mahubiri, lipo wakati wa bei za mahindi, lipo wakati wa matangazo ya vifo. Msiba wa Nikolaus ulitangazwa chini ya michezo. Sijui alifungwa mangapi.

4. Ujumbe. Mwaka jana mlitangaza kwa mbwembwe kwamba msikilizaji akiwatumia salamu kwa simu, zitaonekana kwenye kioo. Nikolaus alituma zake Alhamisi, siku mbili kabla ya kufa. Ijumaa zikatokea. Leo ni miezi kumi na minne na bado zinapita, kama hivi:

NIKOLAUS WA GOWEKO ANAMSALIMU MKEWE LEVINA WA ISEVYA ASISAHAU KU

Wapagazi wa zamani, ambao mmejipa jina lao bila kuwaomba ruhusa, walibeba pembe kutoka huku hadi pwani, lakini kila kambi walitua mzigo. Ninyi mmebeba mzigo mmoja miezi kumi na minne na hamjui kama mna kitu kichwani.

Nilikuja ofisini kwenu kwa miguu. Theodora wa mapokezi alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nilipomweleza, alicheka, kisha akaona kitambaa changu cheusi akaacha. "Mama, kusema kweli," akaniambia, "hapa kituoni hatuna hata redio moja yenye kioo. Hayo maandishi hatujawahi kuyaona." Nikamuuliza nani anayaandika. "Fundi. Alihamia Kahama na neno la siri analo yeye. Tulimpigia, akasema amelisahau, labda ni jina la mtoto wake." Nikauliza ana watoto wangapi. "Tisa, mama. Tumejaribu sita."

5. Matokeo yake. Watu wananisimamisha sokoni: "Mama Apolinaria, mzee anakusalimu." Februari alikuja Emilian, mshonaji, mfiwa mwenzangu, mtu wa heshima, amevaa koti. Nilijua amefuata nini. Alikunywa chai kikombe kizima, akainua macho kwenye kabati, akasoma hadi mwisho. Akachukua kofia yake. "Mama Apolinaria," akasema, "mwenye nyumba yupo."

6. Hili ndilo kubwa. Asisahau ku nini? Murtadha anasema ujumbe haupiti herufi sitini na nne, nafasi zikiwemo, na zinazozidi hukatwa. Nimezihesabu kwa punje za maharage, ni kweli. Lakini zilizokatwa zilikuwa zangu. Tangu hapo sijathubutu kusahau kitu. Nafunga banda la kuku mara mbili. Nafunika mtungi. Nampelekea shangazi yake Nyamizi sukari kila mwezi, endapo ni hilo, na sasa Nyamizi amezoea na anaulizia majani ya chai. Redio siizimi kabisa, nisije nikakosa maneno yaliyobaki yakipita.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, hoja yangu ni nyepesi. Nikolaus anawafanyia kazi kila siku, Jumapili na Pasaka pamoja. Ndiye pekee kwenu asiyekosea jina wala kuchelewa. Mtumishi wa miezi kumi na minne ana haki ya likizo. Naomba mumpe. Kama sheria zenu haziruhusu likizo kwa marehemu, mstaafisheni, mniletee nyumbani herufi zake zilizobaki zikiwa zimefungwa vizuri. Nami nipate kujua nilichoagizwa, nikifanye, nipumzike.

Msalimie Theodora kwa kile kiti, watangazaji wote, na watoto wote tisa wa fundi, hasa wale watatu ambao hamjawajaribu.

Anayesalimiwa na kituo chako kila siku,
Levina.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaifunga. Binti yangu Apolinaria amekuja kutoka Goweko na simu ya tochi ya baba yake. Amepata betri inayoiingia, ikawaka. Ujumbe upo mzima. Mwisho wake ni huu: "asisahau kuzima redio akitoka, ataiua mapema." Basi jana niliizima, kwa heshima yake, nikahesabu hadi sitini na nne. Kisha nikaiwasha kuangalia kama bado yupo. Yupo. Naomba ile likizo isitishwe. Na fundi akipiga simu kwamba amelikumbuka lile neno, mwambieni asihangaike na safari, huku kila kitu kinafanya kazi vizuri.