Boga wa Likoni na Mwaka Wangu wa Fasihi

Jumatatu, 1 Desemba 2025. Kisauni.

Mwaka wa fasihi wa taifa hili unafungwa tarehe ishirini, na mimi bado simo.

Riwaya ninayo. Imetoka Machi. Kokoto za Mwakirunge: wachimba mawe, moshi wa jaa la taka, taifa zima ndani ya shimo moja. Hakuna aliyethubutu kabla yangu. Tangu Machi, kimya.

Leo nimempigia Suad, mhariri wa jarida la Ukumbi. Kila Desemba yeye huandika "Mwaka Wetu": vitabu vilivyotoka, waliotuzwa, waliofariki, waliogombana. Nchi nzima huusubiri. (Mke wangu Milcah anasema nchi nzima ni watu arubaini. Lakini ni arubaini wazuri.) Suad kanieleza kwa adabu kwamba anayo kanuni: kitabu ambacho hakikuzungumzwa hakiingii. Nikamwambia mbona mimi nimekizungumza sana. Akasema, mwalimu wangu, hilo sote tunalijua, tatizo ni kwamba hujapata mwenzako.

Basi atapatikana.

Jumatano, 3 Desemba.

Mpango umekamilika. Pwani hii ukimtupia mtu maneno hadharani, hayalali bila jibu. Babu zetu walijibizana kwa mashairi hadi wakasahau ugomvi ulianzia wapi. Kwa hiyo nitakishambulia kitabu changu mwenyewe kwa jina jingine. Watetezi watainuka. Utakuwa ndio mjadala wa mwaka, na Suad hatakuwa na pa kupenyea.

Jina: Boga. Makazi: Likoni, maana mtu wa Kisauni hapandi feri kwenda kumtafuta mhakiki.

Nilikusudia kumpa ukali kidogo tu. Kalamu ikashika moto. Boga akaona kwamba katika sura ya saba shujaa anainua sururu, anafikiri kurasa kumi na nne, na sururu bado iko juu. Akaona kwamba wanawake wote kitabuni hulia wakiwa wamesimama mlangoni. Akaona kwamba kila mhusika akifungua kinywa, mwandishi humnyang'anya zamu ahutubu yeye. Sijaandika vizuri hivi tangu chuo.

Nimemsomea Milcah bila kumwambia ni ya nani. Akacheka hadi akauweka mwiko chini. Akasema, Baba Faith, huyu mtu nimempenda bure.

Nimemfungulia Boga barua pepe yake na kumtumia Suad.

Jumamosi, 6 Desemba.

Imetoka! Nimekaa sebuleni tangu asubuhi na shati langu la hotuba, nangoja watetezi. Aliyepiga simu ni mmoja, shemeji yangu Kaingu. Aliuliza kama huyo Boga naye ana kitabu, maana angependa kukisoma.

Jumanne, 9 Desemba.

Jibu limekuja, na limetoka kwa Abdulghani.

Huyu ni hasimu wangu. Mtu wa ukoo wa zamani, muuza udi na manukato, malenga. Kitabu changu cha kwanza alikisifu kuwa ni kizito, kisha akakitumia kuzuia mlango wa duka usipigwe na upepo. Leo ametunga beti sita, vina safi, jina lake kaliweka katika ubeti wa mwisho kama ilivyo ada. Jibu kwa kila namna. Ila amejibu kumshukuru Boga.

Nikaenda dukani kwake. Akanikaribisha vizuri mno, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Akanimiminia kahawa. Akasema wallahi miaka mingi hajasoma nathari kama ile, huyo Boga anakijua kitabu kana kwamba wamelala kitanda kimoja. Kisha akaniangalia, bila kejeli hata kidogo, akasema, Karisa, laiti nawe ungeandika hivi, tungekusoma.

Nilirudi nyumbani kichwa juu. Nilipofika langoni ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekasirika.

Ijumaa, 12 Desemba. Jamhuri.

Suad amepiga. Habari mbili. Kwanza, riwaya yangu imeingia katika "Mwaka Wetu". Imeingia! Nilimpa Milcah mkono kama waziri. Pili, Boga ndiye mhakiki wa mwaka, na anatakiwa kwenye baraza la tarehe ishirini, utakaposomwa huo "Mwaka Wetu", ukumbini Mikindani. Barua pepe hajibu. Je, mimi namfahamu?

Hapa ningeweza kusema. Lakini nikisema, kanuni itanirudia: nitakuwa bado sijapata mwenzangu, na Kokoto itatolewa. Nikasema Boga haonekani mbele za watu, ana haya. Suad akasema ajabu, katika maandishi yake hana haya hata kidogo.

Jumamosi, 20 Desemba.

Ukumbi ulijaa. Arubaini kamili, na wengine nje. Halwa, kahawa tungu. Suad akasoma mwaka wote wa taifa: washairi, tuzo, misiba. Nikangoja. Mwishoni kabisa akasoma: "Kokoto za Mwakirunge, riwaya ambayo ilitupatia uhakiki bora wa mwaka." Basi. Sentensi moja, nayo imebebwa na Boga mabegani.

Watu wakampigia makofi mtu ambaye hayupo. Sikuweza kukaa. Nikasimama na kusema kwamba huyo Boga ni mvivu. Sururu ya sura ya saba kaiona, lakini je, ameona kwamba shujaa huyo alivunjika mkono katika sura ya tano? Ameona kwamba jaa liko mashariki mwanzoni na magharibi mwishoni? Na ile hotuba ya mazishi, mbona hakusema kwamba maiti ndiye aliyebahatika? Mhakiki wa kweli angemaliza kazi!

Walicheka, wakapiga makofi, wakasimama. Suad alikuwa akiandika. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani.

Nilipokaa, Abdulghani alinisogezea kikombe. Akaninong'oneza sikioni, taratibu, kama mtu anayemwombea dua mgonjwa: Bwana Boga, kunywa, kahawa inapoa.

Jumapili, 21 Desemba.

Abdulghani ametuma ujumbe. Anasema hatamwambia mtu, mradi niandike kitabu kijacho kwa mkono ule mwingine. Milcah, ambaye tangu jana hanisemeshi bila kucheka, anasema huo ndio ushauri wa kwanza wa maana niliopata mwaka huu.

Hawaelewi. Nimehesabu: katika mwaka mzima wa fasihi ya taifa, nyumba moja tu imetoa watu wawili, na ni hii yangu ya Kisauni.

Lakini huyu Boga amezidi. Makala moja tu, na tayari ndiye mhakiki wa mwaka. Lazima mtu amshushe. Nimempata: Bi Nafula wa Changamwe, mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mkali, hapendi mzaha. Aya yake ya kwanza nimeimaliza asubuhi hii.

Maskini Boga. Hatapata hata mtetezi mmoja.