Kinu Kinalia kwa Nzioka

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Nimepewa kazi. Wiki hii mimi ndiye wa kuwazungusha Mzee Hadley na Mama Hadley, wamishonari wetu wazee, kwa sababu anayewazungusha siku zote ameshikwa na mgongo. Ni wiki yao ya mwisho hapa Mbumbuni. Jumatatu ijayo wanarudi kwao Kanada baada ya mwaka mmoja na nusu. Mzee ana miaka sabini na moja, mama sitini na tisa. Meno ya juu ya mzee ni ya bandia. Huyavua wakati wa maombi ya kimya. Sijui kwa nini, na hakuna mwenye ujasiri wa kuuliza.

Leo tumeaga wagonjwa. Nyumba nne, chai nne. Mama Hadley hushukuru kila kitu. Ameshukuru kikombe. Ameshukuru mbuzi aliyempisha njia.

Jioni nimeenda kwa Syombua, mwenyekiti wa akina mama, anayetunza karatasi ya zamu. Kila Jumapili baada ya ibada wageni hula katika nyumba moja, na nyumba huandikwa kwa jina la mama mwenye nyumba. Zamu ya mke wangu Mbinya ilikuwa Desemba. Alikufa Novemba. Syombua alipiga mstari juu ya jina lake, kwa rula. Leo nimeuona tena. Umenyooka sana.

Wageni hawa wamekula katika kila nyumba ya kanisa hili isipokuwa yangu. Na Mbinya aliwaahidi kwa mdomo wake, siku ile ile walipofika, kwamba atawapikia muthokoi, mahindi yetu ya kutwangwa mpaka maganda yatoke. Nimeomba nipewe Jumapili ya mwisho. Syombua amesema kwa upole kwamba wageni hawapelekwi kwenye nyumba isiyo na mwanamke. Nani atapika? Binti yangu Mutindi yuko Malili na amejifungua juzi. Nimesema mpishi atapatikana. Amenitazama. Amesema akipatikana tutaona, ila kwa sasa zamu ni ya Mzee Ndolo.

Mara ya tano hiyo! Ndolo ana viti vya sofa. Hakuna anayesahau, maana yeye haachi watu wasahau.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi Mzee Hadley amefundisha kuchimba choo. Saa mbili nzima. Waliohudhuria wote wana vyoo. Asiye nacho ni Ndolo, chake kilibomoka wakati wa mvua, na hakuja.

Mpango wa kwanza. Nimepita kwa Ndolo na kumweleza, kama ndugu katika imani, kwamba mzee wetu hawezi tena kutafuna nyama ya mbuzi. Meno. Nilitegemea akate tamaa. Ameshukuru sana. Amesema basi mbuzi ataanza kuchemshwa Ijumaa. Kisha amemwita mkewe aje asikie jinsi Nzioka anavyowajali wageni. Nimepewa chai. Nimekalia sofa. Ni laini, lazima niseme kweli.

Mpango wa pili ni bora zaidi. Nitapika mwenyewe. Chakula kikiwa tayari mezani, nani atauliza kimepikwa na nani? Muthokoi wa sokoni siwezi kununua, maana muuzaji ni mke wa Ndolo. Basi nitatwanga. Mahindi ninayo. Kinu kipo jikoni, hakijaguswa tangu Novemba. Ndani kulikuwa na buibui. Nimemhamisha taratibu.

Jumatano, 6 Agosti

Wageni hulala kila siku kuanzia saa nane hadi saa kumi, na hakuna linaloweza kuwaamsha. Huo ndio muda wangu. Nimefunga mlango wa jikoni kwa komeo. Mwanamume wa Ukambani, mzee wa kanisa, ameshika mchi! Babu zangu wanisamehe.

Kazi yenyewe si kubwa. Unalowesha mahindi kidogo, unatwanga mpaka maganda yatoke, unapepeta, unatwanga tena. Mbinya alikuwa akitwanga huku akiangalia mlangoni kama kuku wameingia. Hakuangalia kinu hata mara moja. Mimi nimekikodolea macho na bado nimepiga ukingo. Punje moja imenipiga jichoni. Baada ya saa moja nusu ya mahindi ilikuwa na maganda, nusu ilikuwa unga, na nusu ilikuwa sakafuni. Najua hesabu haikubali. Ndivyo ilivyokuwa.

Jioni jirani yangu Kavata amesimama kwenye ua wa minyaa na kunisalimia kwa muda mrefu. Ameuliza habari za kifua changu. Ameuliza kama nina mgeni. Nimesema sina. Amesema kinu kimelia leo. Nimesema labda ni upepo.

Kavata amefikiri. Amesema upepo huo una mkono mzito, si wa hapa kwetu. Pengine ni wa Kitui.

Sikumwelewa. Nimeingia ndani kula ugali.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumeaga shule ya msingi. Watoto wameimba nyimbo tisa. Mzee Hadley amelia kuanzia wa pili. Mama amemshika mkono, naye analia. Kisha wamebishana garini njia nzima kama watoto walikuwa mia mbili au mia mbili na ishirini. Mzee huendesha pikapu yao polepole mpaka punda wa mchota maji akatupita. Mama amemshukuru punda.

Watu wananisalimia vibaya leo. Wanaume watatu wameshika mkono wangu na kuchelewa kuuachia. Wanawake kisimani wamenyamaza nilipopita. Ndolo hakunipa mkono kabisa.

Nimeelewa saa sita, dukani. Mbumbuni yote inajua kwamba nina mwanamke jikoni. Nimemficha. Kinu kinalia kwa Nzioka, na kinu hakijitwangi. Ametoka Kitui, upande wa Mutomo. Saa sita alikuwa mrefu. Kufika saa nane alikuwa na watoto wawili. Mmoja, nimesikia, hana adabu.

Nimekaa juu ya gunia kufikiri. Nikisema yupo, nimetenda dhambi. Nikisema hayupo, wataniuliza ni nani basi anayetwanga. Na nikisema ni mimi, Ndolo atakula hadithi hiyo kwa miaka ishirini. Nimeamua kunyamaza.

Kisha nimerudi nyumbani nikatwanga. Bado mara ya pili haijaisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Kikao cha wazee. Ndolo ndiye aliyekiita. Amevaa koti. Alinuka mbuzi wa kuchemsha.

Amesema hana kinyongo na mtu. Nikajua mambo ni mabaya. Amesema mzee wa kanisa anayeishi na mwanamke bila ndoa analitia kanisa aibu, tena mbele ya wageni wanaoondoka, watakaokwenda kutusimulia Kanada. Ameomba nisimame Jumapili mbele ya watu na mwanamke huyo kando yangu. La sivyo nivuliwe uzee, na nyumba yangu iondolewe kwenye zamu moja kwa moja. Si mgeni huyu tu. Mgeni yeyote, milele.

Uzee wachukue. Kukusanya sadaka si kazi ya kulilia. Lakini nyumba! Mbinya aliweka vikombe sita kabatini kwa ajili ya wageni tu. Sisi wenyewe tulikunywa kwa vile vya bati, miaka ishirini na sita. Nyumba isiyoingia mgeni ni ghala.

Wameniuliza kama nina la kusema. Nimesema nitajibu Jumapili. Wengine wamechukulia kwamba nimekiri. Mzee mmoja ameninong'oneza kuuliza kama ana dada.

Jumamosi, 9 Agosti

Jambo kubwa. Niandike pole pole.

Saa tisa, nikiwa katikati ya kutwanga, shati nimevua, unga mpaka kwenye nyusi, mlango wa jikoni umegongwa. Nimenyamaza. Umegongwa tena. Nimesikia sauti ya Mama Hadley ikisema hodi. Hawakuwa wamelala! Mara ya kwanza tangu waje Afrika.

Nimefungua. Wamesimama wote wawili, mzee amevaa tai, mama amebeba blanketi jipya lililofungwa utepe. Walikuwa wamesikia habari. Wamekuja kunishauri kwa upole nifunge ndoa haraka kabla hawajaondoka, na mzee yuko tayari kuifungisha kesho. Blanketi ni zawadi ya arusi.

Mama ametazama jiko zima. Ametazama nyuma ya mlango. Ametazama mchi mkononi mwangu.

"Yuko wapi mwanamke wako, Nzioka?"

"Alikufa Novemba, Mama."

Kuku ameingia. Hakuna aliyemfukuza.

Kisha nimewaeleza yote, zamu, rula, mahindi. Nimesema nilitaka tu wale kwangu kama walivyoambiwa. Mama amesema anakumbuka. Amesema Mbinya alimwambia usije na haraka, muthokoi hauharakishwi, na yeye akaandika maneno hayo kwenye barua kwa wajukuu. Ameweka blanketi juu ya gunia, akapangusa macho, akaanza kuokota punje sakafuni.

Mzee Hadley amevua tai. Ameuliza kama kuna mchi mwingine. Upo, wa Mutindi. Ameushika kama mtu anayeua nyoka. Nimemfundisha: mimi juu, wewe chini, wewe juu, mimi chini. Mara mbili amenikosa mguu. Meno ameyavua, ameyatia mfukoni mwa shati, akaendelea. Saa nzima tumetwanga wawili. Mwishoni tulikuwa tunakwenda sawasawa, sijapata kusikia kinu kikilia hivyo tangu wakati wa mama yangu.

Jioni habari mpya imefika sokoni. Kavata alikuwa nyuma ya minyaa muda wote; mlango wangu hauonekani kutoka kule, lakini kinu kinasikika. Amehesabu michi.

Nzioka ana wawili.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Watu ambao sijawaona tangu Pasaka. Wamekuja wengine wenye dini yao. Duale, muuza ng'ombe, ambaye husali Ijumaa msikitini, amesimama chini ya mti nje na kuniinulia mkono kwa heshima.

Mzee Hadley amehubiri kwa Kiswahili chake, safi kama cha kitabu, dakika hamsini. Hakuna aliyesikiliza. Ikaja saa ya matangazo. Ndolo akasimama. Akakohoa. Akasema jambo alilokuwa nalo Ijumaa lilikuwa moja, leo kwa masikitiko yamekuwa mawili, na kwamba Nzioka awalete mbele wanawake wake wote.

Nimesimama. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Hadley amerudi madhabahuni.

"Mwanamke wa pili ni mimi," amesema.

Ameinua mikono na kuonyesha malengelenge. Basi na mimi nimeinua yangu.

"Wa kwanza ni mimi."

Sijui nani alianza kucheka. Nafikiri ni Kavata. Mwalimu wa kwaya ameanguka kwenye ngoma. Akina mama wamecheka mpaka vilemba vimelegea, na mmoja akauliza kwa sauti yule mtoto asiye na adabu ni nani basi, Ndolo? Ndolo ameketi. Leo usiku hatalala, na mbuzi wake ana siku tatu motoni.

Syombua hakucheka. Amekuja mpaka nilipo, ameshika mkono wangu, ameugeuza na kutazama malengelenge moja moja kama anayesoma. Kisha amesema wageni watakula kwa Nzioka. Basi.

Wamekuja. Si wageni tu, nusu ya kanisa. Muthokoi ulikuwa na maganda, na mahali pengine ulikuwa uji. Chumvi nimeitia kwa vidole vitatu kama Mbinya, nikasahau kwamba vidole vyangu ni vinene. Mzee Hadley amekula sahani mbili bila meno. Mama ameshukuru kila punje. Vikombe sita vimetoka kabatini, na wengine wamenywea kwenye bakuli, sufuria, na kifuniko cha birika.

Walipoondoka Syombua ametoa karatasi ya zamu. Ameuliza aandike jina gani. Nimesema Mbinya. Amesema hapana, Baba Mutindi, zamu ni ya walio hai. Ameandika Nzioka. Jina la mwanamume katikati ya majina arobaini ya akina mama. Mwezi wa kumi, Jumapili ya tatu. Hakutumia rula.

Jumatatu, 11 Agosti

Wageni wameondoka saa moja asubuhi. Punda wa mchota maji amewapita kwenye kona.

Syombua amepita na kunishauri vizuri. Amesema nikiwa na mgeni niseme wazi, akina mama watakuja kusaidia, hakuna haja ya kujifungia wala ya siri, tumeona siri imetufikisha wapi. Nimekubali kabisa. Ni mwanamke mwenye busara. Amesema pia kwamba wachungaji kumi na wawili watapita wiki ijayo wakitoka Mutomo na wanatafutiwa pa kula. Ndolo alikuwa karibu. Nimesema waje kwangu. Wote. Nimesema watakula chapati.

Sijawahi kupika chapati. Lakini nimeziona zikipikwa mara nyingi, ni mviringo tu. Akina mama sitawaambia bado, nataka washangae.

Mchana nimebeba unga wa ngano, magunia mawili madogo. Kavata amenikuta njiani na kuuliza ni wa nini. Nimewaza haraka. Nimemwambia ni wa gundi, nataka kubandika magazeti kwenye kuta za chumba cha kulala.

Ameuliza kama natengeneza nyumba. Nimesema ndiyo, iwe mpya kabisa kabla ya wiki ijayo.

Ametua ndoo yake pale pale na kwenda mbio kwa Syombua. Nafikiri ameamini.