Kuongezewa Si Kuahirishiwa

Jumatano, 9 Aprili

Siku sita kabla ya tarehe ya kodi. Niko shwari kabisa. Mtu mwenye akili hapapatiki.

Niandike hali ilivyo. Mwaka jana mimi na mke wangu Nadine tulikubaliana kwamba kila mmoja ataijaza akaunti yake ya kustaafu mpaka kiwango cha mwisho, dola elfu nane, kabla ya Aprili 15. Tukitimiza, Nadine anaacha kazi ya jikoni shuleni mwezi wa sita. Magoti yake yamechoka. Miaka ishirini na sita amesimama kwenye sakafu ya saruji akiwapakulia watoto viazi vya kuponda. Yeye yake aliiweka tangu Januari. Mimi yangu nimeiwekeza kwingine kwa muda.

Kwingine ni bata bukini. Bata mia mbili na kumi wa saruji, wa kuweka barazani. Kiwanda kilikuwa kinafungwa, bei ya kutupa. Hapa kwetu Indiana nyumba ya heshima haikosi bata mlangoni, na bata huyo hakai uchi: Aprili anavaa koti la mvua, wakati wa mahafali anavaa joho, Krismasi anavaa kofia nyekundu. Nilipiga mahesabu kuwa watakwisha kabla ya Pasaka. Mpaka leo wametoka watatu. Mmoja nimejiuzia mwenyewe ili kuchangamsha soko.

Nadine hajui. Bata wamo kwenye banda la kaka yake, Rolland, ng'ambo ya kijito, kaunti ya pili. Stakabadhi yao nimeificha humo humo, ndani ya sanduku la viatu pamoja na makaratasi yangu yote ya kodi. Nadine ana tabia mbaya ya kufanya usafi.

Sasa, hila yangu. Kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda. Ukurasa mmoja, na hakuna anayekuuliza sababu. Ukiituma, kodi yako inasogea mpaka Oktoba. Na akaunti ya kustaafu inafuata tarehe ya kodi, kila mtu anajua. Nimeituma. Dakika nne! Nimejipongeza kwa vipande viwili vya pai.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Twyla, mama anayetutengenezea hesabu za kodi. Ofisi yake zamani ilikuwa saluni, na mpaka leo mteja anakaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Nikamsimulia hila yangu nikingoja sifa.

Akavua miwani. Akasema muda wa kuongezewa ni wa kupeleka makaratasi tu. Akaunti ya kustaafu haina habari na fomu yangu. Mlango wake unafungwa Jumanne, basi.

Nikambishia. Nikamkumbusha miaka ile ya korona, tarehe iliposogezwa nchi nzima na watu wakaweka hela zao za uzeeni kwa raha zao mpaka siku ya mwisho. Akasema ile ilikuwa serikali yenyewe imeahirisha.

"Wewe umeomba, Verlin. Hukuahirishiwa. Ukiomba, unasogea wewe. Ikiahirishwa, inasogea tarehe."

Nikauliza serikali huwa inaahirisha lini. Akajibu, kukitokea maafa. Nimerudi nyumbani nikitazama mawingu kwa jicho jipya.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu jana bila kupumua. Kijito kimefurika upande wa Rolland, maji yameingia bandani mpaka kiunoni. Ng'ombe walishapandishwa kilimani, wanadamu wote wazima. Rolland amepiga simu kuniarifu kwamba bata wangu wamesimama ndani ya maji bila kutikisika, na kwamba hajawahi kuona bata wavivu wa kuogelea kiasi hicho. Kuhusu sanduku langu, anasema limekuwa uji.

Upande wetu ni mwinuko, maji yote yanateremka, hata dimbwi hakuna. Nimekwenda barabarani kukagua mwenyewe. Pamelowa tu. Imeniuma sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Redio imesema! Kaunti ya Rolland imetangazwa eneo la maafa. Tarehe zote za kodi zimeahirishwa mpaka Agosti 15, na akaunti za kustaafu zimetajwa waziwazi. Mpaka wa kaunti uko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Mtu anakosaje bahati kwa hatua mia mbili?

Hakosi, akiwa ni mimi. Nahama.

Nimemwambia Nadine naenda kumsaidia kaka yake kuzoa matope, pengine nitalala huko. Akanibusu. Akasema sikujua una moyo huo, Verlin, akanifungia bakuli la tambi za samaki. Nimejisikia vibaya mpaka kwenye daraja.

Rolland hakunibusu. Amesema shemeji, ukitaka kuishi hapa koleo lile pale. Nimezoa matope tangu asubuhi. Mchana nimesimika kisanduku cha barua langoni kwake, chenye jina langu kwa herufi kubwa. Rolland akauliza nani ataniandikia, bata?

Jumanne, 15 Aprili

Siku yenyewe.

Saa tatu asubuhi nilimpigia Bi Twyla kumjulisha anwani yangu mpya. Akauliza nimehamia lini. Nikasema jana. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema wanaangalia maafa yalikukuta wapi, si ulikokimbilia baada ya maafa. Watu wa maji ni waliokuwepo maji yalipokuja.

Nikakata simu, nikamkalia bata mmoja. Sina hila nyingine. Elfu nane sina, na leo ndio mwisho. Nikamfikiria Nadine pale jikoni mwaka mzima mwingine, anavyoshuka kwenye gari kwa kushikilia mlango. Niseme kweli, nilitokwa na machozi. Rolland alipita na toroli akajifanya hajaona. Mtu mzuri yule, ingawa sitamwambia.

Saa nne Bi Twyla akapiga yeye. Kwamba hata kama ya kustaafu imeshindikana, nimletee makaratasi ya kodi, ananidai tangu Februari. Nikamwambia hayapo. Yalikuwa bandani kwa Rolland, yameliwa na maji.

Hapo akasema, "Hebu rudia."

Nikarudia. Akaniambia nikae chini. Nilikuwa nimekaa. Akasema sheria inamhesabu kati ya waathirika pia mtu ambaye makaratasi yake ya kodi yalikuwa ndani ya eneo la maafa, hata kama mwenyewe anaishi kwingine. Ila kwa kuwa anwani yangu iko nje, mashine haitanijua. Lazima niwapigie simu watu wa kodi mwenyewe nijieleze.

Nikamwambia huo ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Akauliza mpango gani huo wa kuweka nyaraka kwenye banda la ng'ombe. Nikajibu ni mambo ya usalama.

Jumatano, 16 Aprili

Jana laini ya simu haikupatikana kabisa. Leo nimesikiliza saa moja na dakika arobaini za muziki wa filimbi, halafu mama mmoja mwenye sauti ya upole. Akauliza makaratasi yalikuwa gani. Nikayataja. Akauliza kwa nini yalikuwa huko na mimi naishi huku. Nilikuwa na uongo mzuri sana tayari, ukakataa kutoka. Nikasema nilikuwa nayaficha, mke wangu asiyaone.

Nikamsikia anachapa. Akasema mume wake yeye huficha kwenye boti. Kisha akasema wameniandika: Agosti 15, kodi na akaunti ya kustaafu.

Nilipiga yowe. Nikacheza. Nikamkumbatia bata. Nilipogeuka, Nadine alikuwa mlangoni na bakuli jingine la tambi, anatazama bata mia mbili na saba wenye matope.

Akauliza, "Verlin, hawa ni nani?"

Nikamweleza yote. Nilipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo magoti yangu yamo humu." Hapo nilitamani kijito kirudi kinichukue. Rolland akatafuta kazi nje.

Nadine akakaa kwenye ndoo. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta uso kwa aproni, akasema niende nyumbani nikamletee cherehani.

Jumapili, 11 Mei

Sikukuu ya akina mama. Sijaandika kwa wiki tatu, nimekuwa nikitumwa. Nadine amewashonea bata makoti ya njano ya mvua, na miguuni buti za mpira za watoto kutoka duka la mitumba. Mimi niliwaza kuwauza kwa tangazo gazetini. Yeye aliwaza kusimama nao langoni kwa kaka yake. Nilimwambia hiyo si mbinu ya kibiashara.

Watu wa kaunti ya Rolland husoma shule yake, wote wamepita mbele ya kijiko chake cha viazi. Sasa ni watu wazima, wana baraza zao, na baraza hizo wametoka kuzisugua matope. Wakishusha kioo cha gari wanasema, "Shikamoo Mama Nadine, unanikumbuka?" Naye anamkumbuka kila mmoja, na nani alikuwa hali njegere. Nani atakataa bata hapo? Leo ametoka wa mwisho, na elfu nane zimerudi. Mwenye mahafali alitaka joho, akachukua wa koti la mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Benki. Kijana wa dirishani akasema mashine inakataa, mwaka jana umeshafungwa, ataiandika kuwa ya mwaka huu. Kidogo niseme, "Haya." Lakini Nadine alikuwa ameniandikia kiganjani kwa wino wa kalamu: YA MWAKA JANA. Nikamwonyesha kiganja, kisha barua ya Bi Twyla. Akaitwa meneja. Meneja akasoma kiganja kwanza.

Imeingia. Yote, ya mwaka jana. Nilimpigia Nadine palepale kwenye ngazi za benki, nikavuta kamasi tu, akaelewa.

Ijumaa, 6 Juni

Siku yake ya mwisho kazini. Watoto walipanga foleni kumshukuru, na kila mmoja alitaka viazi. Amerudi, amevua viatu, amevitia kwenye pipa la takataka nje, amerudi pekupeku juu ya majani akiimba. Sijamwona hivyo tangu tuoane.

Akaniomba kitu kimoja tu. Mwaka huu nianze mapema, kidogo kidogo kila mwezi. Bi Twyla naye amesema hivyo hivyo. Nimewaahidi wote wawili kwa moyo mweupe.

Jumatatu, 30 Juni

Nimetafakari kwa utulivu nini hasa kilichotuokoa. Si bata. Si kuweka akiba. Ni makaratasi kuwa mahali pa chini.

Basi nimepanga kwa Rolland. Kona ya bandani iliyo karibu kabisa na kijito, masanduku matano, nimelipa mwaka mzima mbele. Aprili ijayo ninayo mkononi. Inabaki mvua tu, na hiyo si kazi yangu.

Jioni Nadine ameuliza zile hela za kuanzia akaunti zimekwenda wapi. Nimemwambia nimelipa kodi. Si uongo.