Nukta ya Mstari wa Nne

Jumanne, 4 Machi
Mkuu wa ofisi ametangaza leo: msimamizi mpya wa nyaraka atateuliwa Ijumaa, kwa kufuata mwongozo wa kampuni, ukurasa wa saba. Ukurasa wa saba unataka cheti. Kipara, ninayekaa naye meza moja, anacho. Mimi nina miaka tisa ya kuzoea kiti.

Ila mwongozo umo kwenye kompyuta, na anayeingiza mabadiliko ni mimi. Baada ya "cheti" nimeongeza "au miaka tisa". Badiliko kubwa hutaka saini ya mkuu. Badiliko dogo, kama la kusahihisha nukta, hupitishwa na mhakiki peke yake. Nimeandika: dogo.

Mhakiki ni Mama Nukta. Tulimzika Novemba. Niliagizwa nimfute kwenye mfumo, sikumfuta. Uvivu nao una faida! Neno lake la siri ninalijua mimi tu. Kesho nitaidhinisha kwa niaba yake.

Jumatano, 5 Machi
Waraka umesharudishwa. Maoni ya mhakiki: "Nukta imekosekana, mstari wa nne."

Nimetazama. Kweli imekosekana.

Ni Kipara huyu! Nimemvaa. Ameapa hajui lolote, kisha akauliza mbona nimepauka. Nimeweka nukta. Kwa kumtega, nimeandika kwenye maoni: "Shikamoo, mama."

Jibu limekuja kabla sijaondoa kidole: "Marahaba. Bado unaruka nukta?"

Kipara alikuwa mbele yangu, mikono yote miwili kwenye kikombe.

Alhamisi, 6 Machi
Toleo la kumi na mbili la mwongozo limeidhinishwa. Maneno yangu matatu yamo! Limo pia badiliko ambalo si langu. Ukurasa wa mwisho kuna orodha ya wafanyakazi. Mbele ya jina la Mama Nukta: "yupo", kama zamani. Mbele ya langu: "hayupo".

Kosa la uchapaji. Maji nimeshayavulia nguo.

Ijumaa, 7 Machi
Mlango umekataa kadi yangu. Mlinzi amesoma kompyuta yake, akanipa pole ya msiba bila kunitazama usoni.

Nimesimama nje, dirishani. Mkuu ametaja msimamizi mpya: mimi. Nimeshinda! Kisha wote wakasimama kimya dakika moja. Kipara alifuta machozi. Mnafiki.

Nyumbani, mke wangu alikuwa amepokea rambirambi za ofisi kwa simu. Alijibu asante, akaniuliza nimeharibu nini tena.

Nimeketi na kompyuta ya nyumbani, nikaomba badiliko dogo: kufuta "ha" kwenye "hayupo". Mhakiki amejibu papo hapo: "Hili ni kubwa, mwanangu. Linataka saini yako, si ya mkuu. Njoo kwangu Jumatatu, saa tatu asubuhi. Unapajua, ulishika koleo."

Jumapili, 9 Machi
Nimenunua kalamu mpya. Kesho saa tatu nitakuwa kwake. Na kwa kuwa nitakuwa hukohuko, nitamwomba aguse na jina la Kipara.

Herufi mbili tu.