Jinsi Odero Alivyoishika Antena ya Susu Kalunde

Tok! Ndivyo lilivyolia jerikeni tupu jikoni kwa Odero, likijikunja kwa baridi ya Kitengela, alfajiri moja ya mwezi wa saba mwaka wa elfu mbili na moja. Njoni basi, enyi mlioshiba na enyi mnaongojea chakula kiive. Sogezeni vigoda, punguzeni redio, msikie habari za shujaa aliyeamshwa na mlio huo. Hakuitwa na tarumbeta wala ngoma ya vita. Aliitwa na jerikeni, akavaa koti lake la kijani lililobaki na kifungo kimoja, akatoka kwenda kazini, asijue kwamba kabla ya saa mbili usiku ploti nzima ya wapangaji ingekuwa inalitaja jina lake.

Kazi yake ilikuwa katika Televisheni ya Uwanda, dola tukufu ya chumba kimoja na nusu juu ya duka la dawa za mifugo. Bwana Githongo aliisimika mwaka wa tisini na nane, alipouza lori lake la mawe akanunua kamera moja, mtambo wa kurusha mawimbi uliotoshana na kabati la vyombo, na mlingoti wa kuweka juu ya paa. Pazia la buluu nyuma ya msomaji wa habari lilikuwa la mama mkwe wake, na kila Krismasi lilirudishwa kwake likiwa limefuliwa na kupigwa pasi. Lori lilipopita kwenye barabara ya Namanga, habari zote zilitetemeka. Stima ilipopotea, msomaji alikaa vile vile bila kugeuza shingo, ili ikirudi watu wasione ameruka. Kituo kilitangaza bei ya nyasi, mbuzi waliopotea, harambee za makanisa, na mama gani amejifungua mapacha.

Mawimbi yake yalifika kwenye machimbo ya mawe upande mmoja, na upande wa pili yalichoka kabla ya kuiona Isinya. Kwa kuwa watazamaji walikuwa wachache, Githongo hakukubali kupoteza hata mmoja. Picha ya mtu ilipokataa, kituo kilimtuma Odero na ngazi yake aende akageuze antena. Mabati ya Kitengela yote yalizijua nyayo za mtu huyu, Odero mpanda mapaa, Odero wa mikono yenye subira, ambaye kwake hakuna mjane aliyewahi kuambiwa angoje mpaka kesho.

Jioni hiyo, saa moja ikiwa imebakisha dakika ishirini, Elsie mke wa mwalimu, jirani wa Susu Kalunde, alipanda ngazi za kituo akihema.

“Odero ndugu yangu! Televisheni ya Susu Kalunde imekataa! Ni mchele tu unaona, nukta nyeupe zinarukaruka, mchele mtupu!”

Mbele ya pazia la buluu alikaa Munyiva, binti wa miaka ishirini na miwili, ambaye jioni hiyo angesoma habari kwa mara ya kwanza maishani. Susu Kalunde ndiye nyanya yake, kwani susu kwa Kikamba ni nyanya. Ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa mahindi ya kuchoma, akipuliza makaa mpaka macho yakaingia ukungu. Na kesho yake asubuhi mwana wa Susu angekuja kumchukua mama yake aende kuishi Entarara, chini ya mlima, mahali ambapo mawimbi ya Uwanda hayajawahi hata kupaota. Miguu ya Susu ilikuwa imevimba, hangeweza kupanda ngazi za kituo. Mashine ya kunasa kanda ilikuwa imeenda kunasa harusi. Ilikuwa jioni hiyo au basi.

Munyiva akainuka, karatasi mkononi. “Nisome aje kama Susu hanioni?”

“Kaa, binti!” akanguruma Githongo, akiinua mkono kama jemadari. “Tangu siku ya kwanza kituo hiki hakijamwacha mtu na mchele! Odero, unaweza?”

Odero akaiweka ngazi begani. “Mkubwa,” akanena, “nimepigana na antena ya mchungaji wa kanisa wakati wa upepo wa Agosti. Nimeishinda antena ya baa, walevi kumi wakinielekeza kila mtu upande wake. Munyiva, wewe soma pole pole. Usimalize kabla sijafika.”

Akatimua mbio, Elsie nyuma yake. Katikati ya njia akakutana na jeshi la adui, ng'ombe hamsini wakirudi nyumbani, pembe juu na vumbi hadi mbinguni. Mchungaji wao, mzee wa shuka nyekundu, aliona ngazi na uso wa mwenye ngazi, wala hakuuliza swali.

“Sopa!” akamsalimu kwa Kimaasai.

“Ipa!” akajibu Odero.

Mzee akapiga mluzi, na ng'ombe wakagawanyika pande mbili. Wako majenerali ambao hawajawahi kutendewa wema kama huo.

Kwa Susu Kalunde akapanda juu ya bati, akaikumbatia nguzo ya antena. Upepo wa uwandani ukamvamia, ukampiga mashavu, ukalipasua koti. Elsie akasimama mlangoni, jicho moja kwenye televisheni na mdomo ukielekea paani.

“Imekuja?”

“Imeenda!”

“Na sasa?”

“Naona sikio! Rudisha! Umepita, Odero! Si huko, unaenda Tanzania!”

“Nirudi Kenya?”

“Rudi, na usipitilize!”

Saa moja ikagonga. Muziki wa habari ukasikika ndani, ukikwaruza kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua. Odero akageuza kushoto, akageuza kulia, vidole vikifa ganzi. Ndipo sauti ya Susu mwenyewe ikatoka ndani, nyembamba na tamu.

“Imekuja! Inaonekana vizuri kabisa. Shuka mwanangu, ukunywe chai.”

Odero akaachilia nguzo, moyo ukimruka kwa ushindi. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye ngazi Elsie alipopiga kelele.

“Susu! Mbona unadanganya mtu? Hapa hakuna kitu! Ni mchele!”

“Najua ni mchele,” Susu akajibu. “Lakini huyo mtoto wa watu ako kwa baridi tangu saa ile. Mimi nimemwona Munyiva tangu azaliwe. Yeye ashuke.”

Enyi wasikilizaji, wako mashujaa waliopigwa mishale wasirudi nyuma. Odero alipigwa na maneno hayo. Akafuta pua kwa mkono wa koti, akapanda tena. Akaishika nguzo kwa mikono yote miwili, akaiegemeza kifuani.

Na picha ikaja.

“Hapo hapo!” Elsie akapiga yowe. “Usipumue!”

Odero akaachilia kidogo, picha ikaenda. Akashika, ikarudi. Akaelewa. Antena hii haikutaka waya wala msumari, ilitaka mtu. Basi akakaa pale kama mlingoti wa pili, uso ukielekea Ngong, mgongo ukielekea televisheni, bila kuona hata ukucha wa habari alizozileta. Elsie akawa macho yake.

“Amevaa blauzi ya maua! Amesema bei ya nyasi! Lori imepita, ametetemeka, lakini hajaacha kusoma!”

Majirani wakatoka, wengine wakaingia kwa Susu, wengine wakasimama uani wakiangalia paa. Mmoja akapanda na kikombe cha chai, akamnywesha Odero funda kwa funda kama mgonjwa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Mwingine akamfunika leso mabegani.

Dakika ishirini zikapita hivyo. Mwishoni sauti ya Munyiva ikasikika, safi, bila mkwaruzo.

“Na kwa Susu wangu, Kalunde, anayesafiri kesho: safari njema. Ni wewe ulinifundisha kusoma, kwenye magazeti ya kufungia mahindi.”

Ploti yote ikalipuka kwa vigelegele, na jina la Odero likapaa juu kuliko antena yoyote ya Kitengela. Tangu uwanda ule uitwe uwanda, hakuna mtu aliyewahi kusimama tuli kwa utukufu kama huo.

Aliposhuka, Susu Kalunde alimshika mikono yote miwili, akaipuliza kama alivyokuwa akipuliza makaa.

“Nimemwona,” akasema. “Amenenepa kidogo. Sasa sikia, Odero. Uje Entarara unitembelee. Kwetu hakuna televisheni, hakuna antena. Utakaa chini kwa kiti kama watu wengine. Utakuja?”