Wanane Waliosema Ndiyo Daktari

Kifuniko cha ndoo ya maziwa kiliniponyoka jikoni, kwang'a! Jogoo alikuwa bado hajawika. Nikakiokota, nikajifunga kanga, nikashuka kituo cha maziwa. Huku kwetu Machame ukishapimiwa maziwa huondoki. Unakaa kwenye benchi usikie habari.

Ya siku hiyo aliileta mdogo wake Sifael, tunayemwita Redio. Sifael alikuwa amepigwa na kiharusi wiki moja nyuma, amelazwa hospitali mjini Moshi.

"Daktari ametoa amri," Redio akatangaza. "Mgonjwa asisemeshwe! Neno moja tu, mshipa unakatika."

"Mshipa gani?" akauliza Chumvi, ambaye habari haipiti kwake bila kukolezwa.

"Ule mkubwa."

"Alikueleza vizuri?"

"Alikuwa anatembea. Alianzia kitandani, akamalizia koridoni."

"Na wewe ukasemaje?"

"Tulikuwa wanane. Wote tukasema, ndiyo daktari."

"Wanane, na hakuna aliyeuliza!"

"Daktari anaulizwa mara mbili? Wewe umelelewa wapi?"

Chumvi akajipiga paja. "Ndiyo maana jana niliwakuta mmezunguka kitanda kimya, kama watu wanaochagua jeneza! Meku, mzee wa watu, anatukodolea macho, anadhani ameshakufa!"

Benchi zima likacheka. Eunike, mke wa Sifael, hakucheka. Alikuwa amepakata hotipoti ya mtori wa ndizi, anasubiri gari la mjini.

"Namwangalia tu," akasema. "Naogopa nikimsemesha nitamuua."



Ndipo akafika nesi Bernadetha, jirani yetu, katoka zamu ya usiku wodi ile ile. Macho mekundu kwa usingizi, lakini alitupa shikamoo mmoja mmoja. Aliposikia habari ya amri ile, akachuchumaa mbele ya Eunike.

"Mama, tuongee pembeni?"

"Hapa hapa. Hawa ni wa nyumbani."

"Alichokatazwa baba ni kulishwa kwa mdomo, mpaka tumpime kama anameza vizuri. Chakula kinaweza kumpalia kikaingia kwenye mapafu. Lakini ongea naye. Anasikia. Maneno yake tu ndiyo yanakwama."

Chumvi akamgeukia Redio. "Kumbe kilichokatazwa ni mtori, ninyi mkakataza maneno! Na mimi nimetangaza kijiji kizima kwamba mtori wa mgonjwa wanaula manesi!"

"Walikuwa wanaurudisha," Redio akasema, akitazama chini.

"Ukaliwa na nani?"

"Chakula hakitupwi, bwana."

Bernadetha alicheka hadi akafuta machozi. "Na sisi tuna makosa. Tunawaeleza mguu mmoja uko mlangoni. Mama, leo mwambie nesi wa zamu ulivyoelewa. Pasipokuwa sawa, atakueleza tena. Hatuchoki."

"Mnachoka sana, mwanangu," nikamwambia, nikamjazia chupa maziwa niliyobakiza ya chai yangu.

Mchana tukateremka mjini sote. Wodini, Eunike alisimama upande wa kichwa cha mumewe, akinyoosha shuka. Chumvi akamtangulia kusema.

"Meku, ng'ombe wako hamtaki Redio! Jana kampiga teke, yeye na ndoo wakaangukia mgombani!"

Upande mmoja wa mdomo wa Sifael ukapanda.

"Baba Elisaria," Eunike akanong'ona, "unanisikia?"

Mkono wake mzima ukaubana wa mkewe. Basi mama yule akafunguka! Akamwaga habari za wiki nzima: ndama, mvua, hata ugomvi wa kwaya.

Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, Redio akamsogelea nesi wa zamu, safari hii kwa swali.

"Sista, tumemchosha? Kesho tuje wachache?"

Nesi hakuwahi kujibu. Sifael alihangaika na ulimi, akatutazama mmoja mmoja, akalisukuma neno.

"Kesho," akasema. "Wote."