Mtamba wa Apolonia na Pikipiki ya Theluji

Asubuhi ile redio ilitangaza kwamba mkazi mmoja wa Kihesa ametoa mtamba mwenye mimba, akachukua pikipiki ya kukimbilia kwenye theluji. Mtangazaji alicheka mpaka akashindwa kusoma hali ya hewa. Jina la mkazi hakulitaja, na haja haikuwepo, maana mkazi mwenyewe tulikuwa naye kwenye benchi la Mercy muuza kahawa, kikombe mkononi.

"Ezekia, umekuwa mtu mashuhuri," alisema Dastan, ambaye sisi tunamwita Sembe kwa sababu ana mashine ya kusaga na unga haujawahi kumtoka masikioni.

"Mtangazaji mwongo tu yule. Kwanza mtamba si wangu."

"Tunajua! Ni wa mkeo!"

Tukacheka mpaka benchi likalia. Mimi nilicheka kuliko wote, na sijutii.

Sasa, kwa asiyejua. Usharika wetu ulipata kontena kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, watu wema wanaoishi kwenye baridi ambayo hata mbu hawaitaki. Ndani mlikuwa na baiskeli, majoho ya kwaya, na chombo kimoja cha manjano, kikuukuu, mbele kina vyuma viwili vya kuteleza, chini kina mnyororo mpana wa mpira kama wa katapila. Kama kilipakiwa kwa makosa au kwa upendo, hatujui. Siku ya mavuno kikaingizwa mnadani pamoja na kuku na maboga. Na mnada wa kanisani kwetu una adabu yake: mtu hupandisha dau ili mwenzake aone aibu apande zaidi, Bwana apate. Basi Ezekia, ndani ya koti la harusi yake, akasimama akasema, "Mtamba!" Akakaa, akingoja wa kumpiku.

Hakuna aliyekohoa. Mzee wa kanisa akahesabu mara tatu, akagonga meza.

Apolonia, mkewe, hakuwepo. Alikuwa Mgololo kumkanda binti yao aliyejifungua. Na mtamba huyo alipewa na kaka yake, mkononi mwake, mbele ya ukoo.

"Amepiga simu?" nikauliza.

"Amepiga," Ezekia akajibu. "Redio ameisikia ndani ya basi. Basi zima limecheka, na yeye akacheka nao, hawakujua ni mke wangu."

"Kasema nini?"

"Kasema anafika saa sita. Kama chombo kinatembea na kinabeba viazi vyetu kutoka bondeni, yameisha. Kama hakitembei, Jumapili nisimame mbele ya usharika, nikirudishe, nitamke kwa mdomo wangu kwamba nilitoa kisicho changu."

Hapo kicheko kikapungua. Ezekia ndiye anayeongoza besi kwenye kwaya ya wazee, mwaka wa kumi na tisa huu. Nilimwonea huruma, ingawa si sana.

"Bhebhe Ezekia," alisema Ndalahwa. Huyu ni mnunuzi wa ng'ombe, Msukuma aliyekulia Usangu, upande wa Mbeya, na kijiweni jina lake ni Usangu. "Kwetu mtu akitoa ng'ombe, anapata mke. Wewe umetoa ng'ombe na mke ndio anaondoka. Hesabu hii umefundishwa shule gani?"

"Usangu, nimekuomba ushauri au matusi?"

"Hukuniomba kitu. Nakupa bure."

Chombo kilikuwa nyuma ya benchi, kimefunikwa turubai. Mercy akauliza huku akipuliza jiko, "Kwani kina ugonjwa gani?"

"Juzi nimewasha," alisema Ezekia. "Injini inalia, inalia, chombo hakisogei. Harufu ya mpira unaoungua mtaa mzima. Sembe akanishauri."

"Kitaalamu," Sembe akaongeza. "Nikamwambia mkanda unateleza. Mimi mkanda wa mashine yangu ukiteleza, naupaka utomvu wa paini. Unashika, unasaga mahindi na gunzi lake."

"Ukapaka?" Mercy akamgeukia Ezekia.

"Nikapaka kopo zima."

"Ikawaje?"

"Ukashika."

"Halafu?"

"Halafu haukuachia, dada. Nimewasha tu, gesi ya kuongeza mwendo sijagusa, chombo kikaruka na mimi mpaka kwenye banda la mbuzi la mwinjilisti. Kikazima. Sasa nikivuta kamba ya kuwashia inanivuta yenyewe."

Mercy akaweka birika chini. Mercy haweki birika chini ovyo. Mara ya mwisho ilikuwa msiba.

"Nyie wanaume mna shida," alisema. "Nani kawaambia mkanda huu ni wa kusagia?"

"Mkanda ni mkanda," Sembe akasema.

"Mkanda ni mkanda? Basi kafungie suruali mkanda wa mashine yako, uje nao hapa kesho. Mimi nimeendesha skuta kuukuu miaka mitatu, napandisha mlima wa Ipogolo na madumu ya maziwa. Ile haina gia. Gia yake ni mkanda. Na hii ni hivyohivyo, mmeifungua hata mkaangalia?"

Akachukua mifuniko miwili ya sufuria, akaigeuza migongo ikaelekeana, akapitisha kanga yake katikati. "Hii ni puli ya mbele, ya injini. Ikizunguka polepole, imeachama, mkanda umelala huku chini, umelegea. Kwa hiyo injini inaunguruma na chombo kimesimama, kinangoja. Ukivuta gesi, puli inajifumba, inaubana mkanda, inaupandisha juu. Puli ya nyuma inafanya kinyume, inaachama, mkanda unazama. Mkanda unapanda huku unashuka kule. Sasa mtu umeupaka ulimbo, utapandaje? Umenasa kama ndege!"

Usangu akapiga goti kwa kicheko. "Sembe, umemtegea Ezekia ulimbo, kanasa yeye na mke wake!"

"Mkosoe msikosoe, mimi nilitaka kusaidia," alinung'unika Sembe.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamwambia. "Ungesaga, ukatulia."

Ilikuwa saa nne na nusu. Turubai likavuliwa, kifuniko cha upande kikafunguliwa, na ule utomvu ukaonekana, mweusi, umeshikana na vumbi na unyoya wa kuku. Mercy akatazama kwa muda, akaguna. Mkanda wenyewe ulikuwa umelika ubavuni, unang'aa kama soli ya kiatu cha mwalimu.

"Utomvu ni dhambi ya pili," alisema. "Ya kwanza ni hii. Mkanda umekwisha, umekuwa mwembamba. Puli ikiubana inabana hewa. Ndiyo maana juzi injini ililia bure. Hakuna mwingine?"

"Mwingine utatoka wapi, dada? Duka la vipuri vya theluji liko wapi, Ilula?"

"Hivi vyombo watu wanavipeleka porini kwenye baridi. Mtu hawezi kwenda huko bila mkanda wa akiba. Angalia hapa chini ya boneti, kuna vishikizo viwili vitupu. Kulikuwa na nini hapa?"

Ezekia akajikuna kisogo.

"Ezekia?"

"Kulikuwa na kampira ka mviringo. Nikajua ni pambo."

"Kako wapi?"

"Nimefungia mlango wa banda la kuku."

Usangu aliinuka akatembea hatua kumi akarudi, hakuweza kucheka akiwa amekaa. Ezekia alikimbia nyumbani, mtu wa miaka hamsini na nane na koti lake, akarudi na mkanda mkononi na kuku wawili wanamfuata. Mpya kabisa, ila una kinyesi. Tukaupima kwa ule wa zamani: ulikuwa mpana zaidi kwa unene wa njiti mbili za kiberiti. Njiti mbili tu, na mtu nusura asimamishwe madhabahuni.

Kazi ikaanza. Sembe, kwa adhabu, alipewa petroli na kitambaa asugue utomvu kwenye puli, na Mercy akamfukuza mita ishirini kutoka kwenye jiko lake. "Kusugua ndio utaalamu huo!" alimpigia kelele. Kisha maji ya moto ya kahawa yakaenda kwenye sabuni, mkanda ukaoshwa, ukakaushwa kwa taulo. Wateja wawili waliokuja kunywa wakaambiwa leo kijiwe ni gereji.

Kuuvalisha ndipo kulikuwa na kazi. Puli ya nyuma ina springi, lazima uizungushe na kuisukuma mpaka iachame, mwenzako aupenyeze mkanda kabla haijajifumba. Mimi nilijaribu nikaumwa kidole. Ezekia akajaribu, akaishia kuomba Mungu. Usangu akatusogeza.

"Pisheni. Hii ni mikono iliyoshika ndama wa kila aina." Akaishika puli, akaizungusha, ikaachama. "Haya pitisha! Pitisha, Ezekia, unangoja nyimbo?"

"Maandishi ya mkanda yakae yanasomeka!" Mercy akaonya. "Yasigeuzwe!"

Mkanda ukaingia. Saa tano na dakika hamsini. Na bajaji ikasimama.

Apolonia alishuka na begi, buti za mvua miguuni, hana haraka.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene," tukajibu wote, kwa sauti za watoto wa shule.

Akakizunguka chombo. Akakigonga kwa kidole. "Ndiye huyu mtamba wangu?"

"Mama Yakobo, nieleze kidogo..." Ezekia akaanza.

"Wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Huyu ana nini?"

"Ana mkanda mpya."

"Atazaa lini?"

Usangu alizama kwenye kikombe kisicho na kahawa.

"Viazi viko bondeni chini ya turubai siku ya nne," Apolonia akaendelea. "Tope limezishinda pikipiki, punda wa jirani kalala njiani. Lete gunia moja la lumbesa hapa juu. Usisimame katikati."

Ezekia akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Na chombo kikasimama palepale, kimetulia, kinangoja gesi. Sembe akapiga makofi peke yake. Ezekia akabonyeza gesi kwa kidole gumba, kikaondoka juu ya majani yaliyolowa kwa manyunyu, kikashuka bondeni, na sisi nyuma yake, Mercy na birika mkononi.

Chini huko tukampandishia lumbesa nyuma ya kiti, tukaifunga. Akaanza kupanda. Alipanda kwa woga, polepole, hatua kwa hatua, na katikati ya mlima harufu ya mpira ikaanza.

"Kinaungua!" Sembe akashika kichwa.

"Vuta gesi!" Mercy alipiga yowe. "Ezekia, vuta! Unapotambaa na mzigo ndipo mkanda unateleza na kuungua! Puli haijaubana! Kipe mwendo!"

Ezekia akafumba macho, akabonyeza. Puli ikajifumba, injini ikabadilisha sauti, na kile chombo cha wenye baridi kikapanda mlima wa Kihesa kinatupa tope mpaka kwenye meno yetu. Kilipofika juu kikasimama mbele ya Apolonia. Harufu imekwisha. Tulipiga vigelegele mpaka mwinjilisti akatoka na mbuzi zake. Ezekia alishuka kifua mbele, nami nakiri machozi yalinilenga.

"Umeona, Mama Yakobo?"

"Nimeona. Kinafaa." Apolonia akakaza kitenge, akapanda kwenye kiti, akashika usukani. Akatafuta gesi kwa kidole, akaipata.

"Unakwenda wapi?"

"Kufuata lumbesa zilizobaki. Mtamba alikuwa wangu, au nimesahau?"

"Wako, mke wangu."

"Basi na hiki ni changu. Dada Mercy, jiwe likiingia kwenye huu mnyororo wa mpira?"

"Unachanika, mama. Na huu hauna wa akiba."

"Umesikia, Ezekia? Tangulia mbele yangu, uokote mawe."

Ezekia akatutazama. Tukatazama mbuzi. Akavua koti la harusi, akampa Usangu ashike, akainama akaanza kuokota, jiwe moja, jiwe la pili.

Nyuma yake injini ikanguruma.

"Haraka, baba," Apolonia alisema. "Mwendo wako unaunguza mkanda."